Sheikh Husein al-Jisr na Mizani ya Elimu ya Viumbe



 Katika maswali ambayo wazazi Waislamu huwaletea walimu wa madrasa, liko moja ambalo aghalabu huletwa kwa sauti ya chini, baada ya watu wengine kwisha kuondoka. Mtoto amefika shule ya sekondari. Asubuhi hufundishwa katika somo la biolojia kwamba aina za wanyama na mimea hazikuwa tangu mwanzo kama zilivyo leo, na kwamba aina moja hutokana na nyingine kwa kupita miaka mingi mno. Jioni huketi mbele ya ustadhi wake na kusoma habari za uumbaji wa mbingu na ardhi, na habari za Nabii Adam, amani iwe juu yake. Mtoto huyo humwogopa mwalimu wa shule asije akamcheka, na humwogopa ustadhi asije akamkufurisha, basi hunyamaza. Wapo waliojibu mtihani kwa ulimi tu ili wapate alama. Na wapo, jambo liumizalo zaidi, walioacha kuhudhuria msikitini kwa kudhani kwamba wamekwisha kutolewa katika dini bila ya wenyewe kutaka.

Swali hilo liliulizwa kabla yao. Liliulizwa zaidi ya miaka 130 iliyopita katika nchi ya Sham, na mwanachuoni mmoja wa Kiislamu alilijibu kwa utulivu ambao hata leo una faida. Jina lake ni Sheikh Husein al-Jisr wa mji wa Tripoli, yaani Tarablus ya Sham iliyo katika Lebanon ya leo, wala si ile ya Libya. Lakini kabla ya kumfikia Sheikh, yafaa ielezwe kwa ufupi habari yenyewe ilikotoka.

Charles Darwin, Mwingereza, alizaliwa mwaka wa 1809. Baina ya mwaka wa 1831 na 1836 aliizunguka dunia katika merikebu iitwayo Beagle, akikusanya ndege, wadudu, mimea na mifupa iliyogeuka mawe. Kitabu chake juu ya asili ya aina za viumbe hakikutoka ila mwaka wa 1859, baada ya kuipima fikira yake kwa miaka zaidi ya ishirini. Ndani yake mna mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. La kwanza ni habari ya nasaba: kwamba aina za viumbe zilizopo leo zimetokana na aina zilizotangulia, kama matawi yatokavyo katika shina. La pili ni habari ya njia iliyopita mabadiliko hayo. Katika kila kizazi huzaliwa wengi kuliko wawezao kuishi, wala hawafanani kwa kila kitu. Yule aliyezaliwa na sifa imfaayo mahali pake huishi na kuzaa zaidi ya mwenziwe, na sifa ile huzidi kuenea kizazi baada ya kizazi. Njia hiyo huitwa uteuzi wa kimaumbile.

Mwingereza mwingine, Alfred Russel Wallace, aliifikia fikira hiyo hiyo peke yake, akamwandikia Darwin mwaka wa 1858 kutoka Ternate, kisiwa cha nchi za Malay ambacho masultani wake ni Waislamu tangu zama za kale. Maandishi ya wote wawili yalisomwa pamoja mjini London tarehe 1 Julai 1858. Hapa pana jambo dogo lisilotajwa sana. Msaidizi mkuu wa Wallace katika safari zake alikuwa kijana wa Kimalay aitwaye Ali, ambaye Wallace alimwajiri huko Sarawak mwaka wa 1855 awe mtumishi wake na amfundishe lugha. Ali alijifunza kuwinda ndege na kuwachuna kwa ustadi, na ndiye aliyempata katika kisiwa cha Bacan ndege asiyejulikana na wataalamu. Ndege yule akapewa jina la Wallace. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya zama zile, kwamba mtumishi hushika bunduki na bwana huandikwa kitabuni.

Sasa habari ihamie Beirut. Mwaka wa 1866 wamisionari wa Kimarekani walianzisha huko chuo kiitwacho Syrian Protestant College, ambacho tangu mwaka wa 1920 hujulikana kwa jina la American University of Beirut. Tarehe 19 Julai 1882, miezi mitatu kamili baada ya kufa kwake Darwin, mwalimu mmoja wa chuo hicho, Edwin Lewis, aliyekuwa akisomesha kemia na jiolojia, alitoa hotuba katika sherehe ya kufunga mwaka. Katika hotuba ile alimtaja Darwin kwa heshima, kama mfano wa mtu mwenye subira ya kuchunguza. Maneno hayo yaliwakasirisha wakubwa wa chuo na wadhamini wao walioko New York, na Lewis akalazimika kuondoka. Wanafunzi wa udaktari waligoma kwa ajili yake; baadhi yao wakaacha chuo, akiwamo Jurji Zaydan, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri mjini Cairo. Walimu wawili wenyeji, Yaqub Sarruf na Faris Nimr, wenye jarida la al-Muqtataf, waliachishwa kazi mwaka wa 1884, nao wakahamia Misri pamoja na jarida lao.

Anayedhani kwamba ugomvi juu ya Darwin ni ugomvi wa Uislamu na elimu na akitazame kisa hiki tena. Waliofukuzwa walikuwa Wakristo, na waliowafukuza walikuwa Wakristo.

Ama Waislamu, wao walifikiwa na habari kwa njia iliyopinda. Mhitimu mmoja wa chuo hicho hicho, daktari Shibli Shumayyil, alitoa kwa Kiarabu mwaka wa 1884 maelezo ya Mjerumani Ludwig Büchner juu ya Darwin. Büchner alishika madhehebu ya kimaada, asemayo kwamba hakuna kilichopo ila maada na nguvu zake, na kwake yeye nadharia ya Darwin ilikuwa silaha ya kuzipigia dini zote. Kwa hiyo msomaji wa Kiarabu alipokea elimu ya viumbe na ukanaji wa Mwenyezi Mungu katika furushi moja, wala hakuwa na njia ya kujua kipi kimetoka kwa nani. Kitabu chenyewe cha Darwin hakikuwa na tafsiri ya Kiarabu mpaka mwaka wa 1918, Ismail Mazhar wa Misri alipotoa milango mitano ya kwanza. Hesabu ya miaka hiyo ni 34, na katika miaka hiyo yote watu walishindana kwa maneno makali juu ya kitabu ambacho wengi wao hawakukiona.

Sayyid Jamaluddin al-Afghani alikwisha kuingia katika shindano hilo mapema zaidi. Mwaka wa 1881, akiwa Hyderabad katika India, aliandika kwa Kifarsi risala ya kuwarudi Madahari, yaani wale wasemao kwamba hakuna ila maumbile na zama. Na Sheikh Muhammad Abduh akaitoa risala hiyo kwa Kiarabu mjini Beirut mwaka wa 1886. Humo Sayyid alimfanyia Darwin kejeli. Alisema kwamba ikiwa maneno yake ni kweli, basi yumkini kiroboto awe tembo kwa kupita karne nyingi, na tembo arudi kuwa kiroboto. Akauliza pia: Waarabu na Wayahudi wamewatahiri watoto wao kwa maelfu ya miaka, mbona watoto wangali wakizaliwa hawajatahiriwa?

Hoja ya kiroboto ni mzaha, na mzaha haujibiwi. Hoja ya tohara ina uzito kuliko wanavyodhani wale wamchekao Sayyid. Darwin mwenyewe alikubali kwa kiasi kwamba mabadiliko ayapatayo kiumbe katika maisha yake yaweza kupita kwa watoto wake. Katika miaka ya 1880 mtaalamu wa Kijerumani August Weismann alikata mikia ya panya weupe kizazi baada ya kizazi, wala hakuzaliwa hata mmoja asiye na mkia. Basi Sayyid aligusa mahali palipokuwa dhaifu kweli. Kosa lake ni kudhani kwamba hapo ndipo penye msingi. Uteuzi wa kimaumbile hauhitaji kwamba jeraha la kisu lirithiwe; huhitaji zile tofauti ambazo viumbe huzaliwa nazo, na hizo Sayyid hakuzisemea neno. Inasimuliwa kwamba katika miaka yake ya mwisho, katika mazungumzo yaliyoandikwa na Makhzumi, ulimi wake ulilainika.

Hapo ndipo alipotokea Sheikh Husein al-Jisr. Alizaliwa Tripoli mwaka wa 1845, akasoma al-Azhar, kisha akarejea kwao kusomesha. Mwaka wa 1888, sawa na 1306 wa Hijra, alitoa kitabu chake kiitwacho al-Risala al-Hamidiya, alichokinasibisha na Sultani Abdulhamid wa Pili wa Dola ya Uthmaniya. Sultani akamtunukia, na kitabu kikafasiriwa kwa Kituruki. Kitabu kile kina mengi, na sehemu kubwa yake ni kuyajibu madhehebu ya kimaada yaliyoletwa na watu wa namna ya Büchner. Lakini Sheikh hakulijibu furushi zima kwa mkupuo mmoja. Alilifungua, akatoa kimoja kimoja.

Kwanza aliuliza: neno hili la mageuko, likichukuliwa peke yake bila ya Büchner, linamkanusha Muumba? Akajibu kwamba la. Mwenyezi Mungu akiwa ameziumba aina zote mara moja, kila aina peke yake, hiyo ni dalili ya uwezo wake. Na akiwa ameziumba kwa hatua, hii ikatokana na hii kwa sababu alizoziweka mwenyewe, hiyo nayo ni dalili ya uwezo wake, wala haipungui kwa lolote. Mtu amwonaye seremala akitengeneza kiti kwa siku moja hawezi kusema kwamba kile kilichotengenezwa kwa mwezi mzima hakina seremala. (Mfano huu wa seremala si wa Sheikh, umewekwa hapa kwa ajili ya kufahamisha.)

Pili aliitazama Kurani Tukufu. Katika Sura al-Anbiyaa, aya ya 30, na Sura an-Nur, aya ya 45, mmetajwa kwamba viumbe vyenye uhai asili yao ni maji. Kama ilikuwa kwa ghafla au kwa taratibu, hayo hayakuelezwa humo. Sheikh akaona kwamba dhahiri ya maandiko, yakikusanywa pamoja, yaelekea zaidi upande wa kila aina kuumbwa peke yake, na zaidi ya yote katika habari ya mwanadamu.

Tatu, na hapa ndipo penye mizani yenyewe, alirejea katika kanuni ya wanachuoni wa usuli ambayo haikubuniwa kwa ajili ya Darwin. Kanuni hiyo yasema kwamba dhahiri ya andiko haiachwi kwa sababu ya dhana. Ikiwa limepatikana jambo la yakini, lenye dalili ya kukata isiyo na shaka, na likaonekana kupingana na dhahiri ya andiko, hapo andiko hufasiriwa kwa taawili inayokubaliana na lugha na misingi ya dini, kwa kuwa haki haiwezi kuipinga haki. Nadharia ya Darwin, kwa hukumu ya Sheikh, ilikuwa bado ni dhana. Basi Mwislamu hakulazimika kuiacha dhahiri kwa ajili yake. Na ikija siku ikawa yakini, Mwislamu hatakuwa na la kuogopa: atafanya taawili, na imani yake kwa Muumba itabaki pale pale.

Kanuni hiyo ina nasaba ndefu. Ibn Rushd wa Kordoba, aliyefariki mwaka wa 1198, aliisimamia kwa namna yake. Na kabla yake Imam al-Ghazali, katika utangulizi wa kitabu chake cha kuwarudi wanafalsafa, alitoa mfano wa kupatwa kwa mwezi. Wanafalaki wamethibitisha kwa hesabu kwamba mwezi hupatwa kwa sababu ardhi imeingia kati yake na jua. Mtu akisimama kubishana na hesabu hiyo akidhani kwamba anaitetea dini, al-Ghazali aliona kuwa mtu huyo ameidhuru dini kuliko adui yake, maana mwenye kujua hesabu hataitilia shaka hesabu. Ataitilia shaka dini. Waliokuwapo pale ambapo kijana ameambiwa achague baina ya kitabu cha biolojia na msahafu wanajua maneno hayo yana maana gani.

Yafaa sasa kuuliza kama Sheikh alikuwa na haki ya kuiita nadharia ile dhana. Wapo wanaosema kwamba alikuwa akikwepa. Lakini katika mwaka wa 1888 wataalamu wa Ulaya wenyewe walikuwa na mashaka makubwa. Mwanafizikia Lord Kelvin alikuwa amehesabu umri wa ardhi kwa jinsi inavyopoa, na kwa hesabu yake miaka haikutosha kwa mageuko ya taratibu kiasi kile. Tena hakuna aliyejua jinsi sifa zinavyorithiwa. Mhandisi Fleeming Jenkin alisema mwaka wa 1867 kwamba ikiwa damu za wazazi huchanganyika kama rangi, sifa mpya itafifia na kupotea kabla ya kuenea, na Darwin alisumbuka sana kumjibu. Jibu lilikwisha kuchapishwa mwaka wa 1866 na mtawa Gregor Mendel aliyepanda njegere katika bustani ya nyumba ya watawa, ila halikutiwa maanani mpaka mwaka wa 1900. Basi aliyesema mwaka wa 1888 kwamba jambo hili halijafika daraja ya yakini alisema sawa.

Lakini mizani hutumiwa kila siku upya. Tangu siku zile kilichowekwa juu yake kimezidi sana. Umri wa ardhi sasa wajulikana kwa kupima maada zenye mnururisho, nao ni miaka bilioni 4.5 hivi. Kanuni za Mendel ziliunganishwa na uteuzi wa kimaumbile katika miaka ya 1930 na 1940. Umbo la maada ya urithi, yaani DNA, lilijulikana mwaka wa 1953, na kwa kulinganisha maada hiyo baina ya kiumbe na kiumbe wataalamu waliweza kuchora nasaba, kisha wakaikuta inakubaliana kwa sehemu kubwa na ile iliyochorwa kwa mifupa. Mifupa nayo imezidi, na mingi ya zamani kabisa inayohusu mwanadamu imetoka Afrika ya Mashariki: Olduvai mwaka wa 1959, na Laetoli, ambapo mwaka wa 1978 zilifukuliwa nyayo za waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.6 iliyopita. Hakuna chuo kikuu cha maana duniani leo ambacho wataalamu wake wa biolojia wanabishana kama mageuko yalikuwako. Wanabishana juu ya njia zake na kasi yake.

Hata hivyo ni mfano mmoja ulio karibu zaidi ambao wafaa kukaliwa kwa kitambo, kwa kuwa haukupatikana katika miamba. Umepatikana katika damu ya watu wa nchi hizi.

Wazazi wengi wanaujua ugonjwa wa selimundu, ambao wengine huuita sikoseli. Chembe nyekundu za damu ya mgonjwa hupinda zikawa mfano wa mundu, zikakwama katika mishipa, na mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa na kuishiwa damu. Mtu akirithi sifa hiyo kwa mzazi mmoja tu, huwa mbebaji, na kwa kawaida haumwi. Akiirithi kwa wazazi wote wawili, huwa mgonjwa. Zamani watoto wengi wa namna hiyo walifariki kabla ya kukua. Sasa, sifa iuayo watoto namna hiyo ingepasa ipungue kila kizazi mpaka itoweke. Mbona imebaki, na katika baadhi ya makabila yaliyo karibu na Ziwa Viktoria na pwani ya Afrika ya Mashariki wabebaji walikutwa wakifika karibu 4 katika kila watu 10, na katika nyanda za juu zenye baridi walikuwa wachache mno?

Swali hilo lilimshika Anthony Allison, kijana aliyelelewa Kenya, aliposafiri na wenzake wa chuo kikuu cha Oxford mwaka wa 1949 kukusanya damu za makabila ya Kenya. Aliona kwamba ramani ya selimundu ilikuwa karibu sawa na ramani ya malaria. Akarejea mwaka wa 1953, na karibu na Kampala akapima damu za watoto wa Kiganda. Katika watoto 43 waliokuwa wabebaji, 12 walikutwa na vijidudu vya malaria, sawa na asilimia 27.9. Katika watoto 247 wasio na sifa hiyo, 113 walikutwa navyo, sawa na asilimia 45.7. Matokeo aliyatangaza mwaka wa 1954, na uchunguzi mwingi uliofuata umeyatia nguvu: mbebaji hukingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Basi mahali penye mbu, sifa ile huwaua baadhi ya watoto na huwaokoa wengine walio wengi zaidi, na kwa hiyo haitoweki. Mahali pasipo na mbu haina faida, na huko hupungua. Huu ndio uteuzi wa kimaumbile, ukifanya kazi katika jamaa za watu waliohudhuria hapa, bila ya kumwuliza mtu dini yake.

Yapasa kusema kwa uaminifu jambo hili limethibitisha nini. Limethibitisha ile njia, yaani uteuzi. Peke yake halikuthibitisha nasaba ya viumbe vyote. Hiyo ina dalili zake nyingine, zilizotajwa kwa ufupi hapo juu. Mwenye kuzichanganya dalili hizi, awe anaitetea nadharia au anaipinga, anaiharibu hoja yake mwenyewe.

Na kabla ya kuendelea, kuna faida isiyofaa kuachwa. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba yao ina nafasi moja katika nne ya kutoa mtoto mgonjwa. Kipimo ni cha damu kidogo tu. Saudi Arabia imewalazimu wachumba kupimwa selimundu kabla ya ndoa tangu mwaka wa 2004, wala hakuna mwanachuoni wa huko aonekanaye na Waislamu kuwa ametoka katika dini kwa kuikubali amri hiyo. Wazee wanaopokea posa katika mji huu wanaweza kuliuliza swali hilo pamoja na yale ya mahari.

Ama wapo Waislamu waliokimbilia upande mwingine, wakasema kwamba Darwin hakuleta jipya, na kwamba al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka wa 255 wa Hijra, alikwisha kuyaandika yote katika Kitab al-Hayawan. Wengine humtaja Ibn Khaldun, aliyepanga madini, mimea na wanyama katika daraja zinazopokezana mpaka nyani na kisha mwanadamu. Hayo husemwa kwa mapenzi, lakini hayamfaidii al-Jahiz. Alitazama kwa jicho kali jinsi wanyama wanavyolana na jinsi mahali wanapoishi panavyowaathiri, na kitabu chake chastahili kusomwa kwa uzuri wake wenyewe. Hakusema kwamba kulana huko huzalisha aina mpya kwa kupita vizazi. Na daraja za Ibn Khaldun ni mpangilio wa viumbe kwa ubora wao, si habari ya nani amemzaa nani. Mtu hapewi heshima kwa kuvishwa kanzu ya mwingine.

Vivyo hivyo Sheikh Husein al-Jisr. Wapo leo wamwitao mfuasi wa Darwin, na hakuwa. Wapo wanaorudia hukumu yake ya mwaka wa 1888 kana kwamba hakuna kilichotokea baada yake, na hao nao wamemwacha, maana wameichukua hukumu wakaitupa mizani iliyoitoa. Alikuwa na upungufu wake: alizijua hoja za Darwin kwa kupitia vinywa vya wengine, na hakusema wazi ni dalili za namna gani ambazo angezikubali kuwa za yakini katika jambo la kale lisiloweza kuonekana kwa macho. Hilo ni swali gumu la falsafa ya elimu, na wataalamu wa usuli wangali wakilijadili.

Habari ya mwanadamu ndiyo iliyo nzito, na haifai kufunikwa. Wanachuoni wa leo wamehitilafiana. Wapo wanaoikataa nadharia yote. Wapo wanaoikubali kwa viumbe vyote isipokuwa Nabii Adam, kwa kuwa kuumbwa kwake bila ya wazazi kumetajwa waziwazi, na muujiza hauhukumiwi kwa desturi ya maumbile. Miongoni mwao mwanachuoni David Solomon Jalajel ameeleza kwamba maandiko yametoa habari ya Adam na dhuria yake, lakini hayakusema kama walikuwako au hawakuwako viumbe wengine wenye umbo la mwanadamu kabla yake. Basi katika hilo Mwislamu husimama, hasemi ndiyo wala la kwa jina la dini, na mfukuaji wa mifupa huachiwa kazi yake. Mwaka wa 2021 Shoaib Ahmed Malik alitoa kitabu kizima cha kulipima jambo hili kwa misingi ya Imam al-Ghazali. Na wapo pia wafasirio kisa chote kwa taawili, ambao wengi hawajawakubalia. Kijana wa sekondari anayo haki ya kuambiwa kwamba hitilafu hizi zipo, na kwamba wenye kuhitilafiana wanasali katika safu moja.

Sheikh Husein alifariki Tripoli mwaka wa 1909. Kabla ya kuandika kitabu chake alikuwa ameanzisha huko shule ambayo ndani yake elimu za dini zilisomeshwa pamoja na hesabu, elimu ya maumbile, Kituruki na Kifaransa. Serikali ya Uthmaniya haikukubali kuihesabu kuwa shule ya dini, wanafunzi wake wakawa hawana msamaha wa kuandikishwa jeshini, na shule ikafungwa. Lakini miongoni mwa wanafunzi waliokaa mbele yake alikuwamo Rashid Ridha, aliyehamia Cairo na kuanzisha jarida la al-Manar mwaka wa 1898. Jarida hilo lilivuka bahari likafika katika pwani ya Afrika ya Mashariki, na mmoja wa wasomaji wake alikuwa Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, ambaye mwaka wa 1930 alianza kutoa jarida lake la as-Sahifa, na mwaka wa 1932 al-Islah, akiwahimiza Waislamu wa nchi hizi wawapeleke watoto wao wakasome.